Risasi tulivu ndiyo hugonga shabaha: Jinsi ya kuchagua risasi ya bunduki katika milima ya chai

KATIKA nyanda za juu za Kericho na Bomet, mashamba ya majani chai yametanda juu ya vilima kama zulia la kijani kibichi. Kutoka Litein hadi Kapkatet, na kutoka Mogogosiek hadi Kapkoros, ni nadra kupata kilima ambacho nyuma yake hakuna nyumba, njia ya miguu au kundi la wachumaji chai waliobeba vikapu mgongoni.

Hali hiyo ndiyo inayolifanya suala la kuchagua risasi ya bunduki kuwa jambo zito kwa raia yeyote mwenye leseni anayetaka kujifunza mchezo wa kulenga shabaha. Risasi ikikosa shabaha haitoweki hewani. Itaendelea na safari yake hadi ikutane na udongo, mti, ukuta, au mtu.

Hata hivyo, watu wengi wanaoanza mchezo huu huvutiwa kwanza na nguvu. Hudhani kwamba bunduki kubwa yenye mshindo wa kutisha ndiyo bunduki bora, na kwamba risasi ndogo ni ya watoto. Ukweli ni kinyume cha hayo. Kwa anayelenga karatasi iliyobandikwa ubaoni, risasi tulivu isiyopiga bega kwa kishindo ndiyo humpa matokeo mazuri, humwokolea fedha, na hupunguza hatari kwa walio mbali.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini mambo yako hivyo, ni risasi zipi zilizojijengea sifa ya utulivu na usahihi, na ni tahadhari zipi zinazompasa mlengaji wa maeneo ya milima yenye mvua nyingi.

Risasi ni nini hasa?

Neno ‘risasi' katika mazungumzo ya kila siku hutumiwa kwa maana mbili. Kuna kipande cha chuma kinachoruka kutoka kwenye mtutu, na kuna kifaa kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Kifaa hicho kizima kina sehemu 4.

Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba nyeupe. Ya pili ni fataki, kidude kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda ambacho huwaka kinapogongwa na sindano ya bunduki. Ya tatu ni baruti iliyomo ndani ya ganda. Ya nne ni kichwa, yaani kile kipande kinachoruka.

Mlengaji anapovuta kifyatulio, fataki huiwasha baruti. Baruti hairipuki mara moja kama baruti ya kupasulia mawe, bali huungua kwa kasi kubwa na kutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayokisukuma kichwa kupitia mtutu. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda ambayo hukizungusha kichwa ili kiruke wima bila kupinduka, mfano wa pia inayosimama imara kwa sababu inazunguka.

Ni dhahiri basi kwamba usahihi hutegemea mambo mengi kwenda sawa kila mara. Ganda liwe la kipimo kilekile, baruti iwe ya uzito uleule, kichwa kiwe cha umbo lilelile, na mkono wa mlengaji uwe mtulivu vilevile. Katika hayo yote, mkono wa binadamu ndio ulio dhaifu kuliko vingine.

Bega, sikio na macho

Nguvu inayokisukuma kichwa mbele ndiyo hiyo hiyo inayoisukuma bunduki nyuma. Kadiri kichwa kinavyokuwa kizito na chenye kasi, ndivyo bega linavyopigwa zaidi.

Kwa bunduki yenye uzito wa takriban kilo 3.6, risasi ndogo ya .22 Long Rifle, ambayo walengaji huiita .22 LR, hupiga bega kwa nguvu isiyofikia hata joule 1. Risasi ya .223 Remington hupiga kwa takriban joule 5. Ile ya .243 Winchester hukaribia 13, na 7x57 Mauser hukaribia 18. Risasi ya .308 Winchester hupita joule 20. Zile zilizoundwa kwa ajili ya wanyama wakubwa huwa kali zaidi: .375 hupita 50, nayo .458 hupita 80.

Mwili wa mwanadamu haupendi kupigwa. Baada ya kufyatua risasi kali mara kadhaa, ubongo hujifunza kulitarajia pigo. Mlengaji huanza kufumba macho, kukaza bega na kuunyakua mkono nusu ya nukta kabla ya risasi kutoka. Mtutu husogea kidogo tu, lakini kusogea kwa milimita 1 kwenye bunduki yenye urefu wa mita 1 huwa ni kukosa kwa sentimita 10 shabaha ikiwa umbali wa mita 100.

Kasoro hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi ya miezi mingi. Ndiyo sababu wakufunzi wengi duniani humwanzisha mwanafunzi kwa .22 LR, hata kama nia yake ni kutumia risasi kubwa baadaye.

Mshindo nao una madhara yake. Wataalamu wa masikio huchukulia desibeli 140 kuwa mpaka ambao hata mshindo mmoja waweza kuliumiza sikio milele. Bunduki nyingi za risasi za kati hupita desibeli 150. Kwa hivyo, vizibo vya masikio si anasa, na ni lazima kwa mlengaji na kwa kila aliye karibu naye.

Mpiga mshale yeyote analifahamu somo hili bila kufundishwa darasani. Upinde mgumu usioweza kuuvuta ukautuliza hauna faida, hata ukiwa na nguvu za kuupenyeza mshale katika mti. Afadhali upinde unaolingana na mkono wake.

Funzo kutoka Karamoja

Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inao mfano unaojulikana kote duniani kuhusu risasi tulivu. Mfano huo ni wa Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1880 na kufariki mwaka wa 1954, ambaye alipewa lakabu ya ‘Karamojo' kwa sababu ya miaka aliyoiwinda nchi ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo.

Wakati huo wawindaji wengi wa tembo walibeba bunduki nzito za mitutu miwili zilizokaribia kuwavunja mabega. Bell alichagua njia nyingine. Alitumia zaidi bunduki nyepesi ya 7x57 Mauser, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Risasi hiyo ilibuniwa Ujerumani mwaka wa 1892, na ndiyo iliyowapa sifa Makaburu katika vita vyao dhidi ya Waingereza vya 1899 hadi 1902.

Siri ya Bell haikuwa nguvu. Aliyapasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akajizoeza kupalenga mahali hapo kutoka kila upande. Kwa kuwa bunduki yake haikumpiga sana, aliweza kutulia na kufyatua kwa uangalifu. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake aliwaua tembo zaidi ya 1,000.

Leo idadi hiyo inatia uchungu badala ya kusifiwa, kwa maana biashara ya pembe iliyowatajirisha watu kama yeye ilikaribia kumaliza tembo katika sehemu nyingi. Isitoshe, waliojaribu kumwiga bila ustadi wake walijitia hatarini, na baadaye nchi nyingi za Afrika ziliweka kiwango cha chini cha ukubwa wa risasi kwa wanyama wakubwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Kwa hivyo, raia wa Kenya hana sababu yoyote ya kuuiga uwindaji wa Bell.

Kinachobaki cha kujifunza ni kanuni moja tu: mahali risasi inapopiga ni muhimu kuliko nguvu inayopigia. Kwa mlengaji wa karatasi, kanuni hiyo ina uzito maradufu, kwani karatasi haihitaji nguvu yoyote ili itobolewe.

Mjukuu wa risasi ya AK-47

Kuna kisa kingine kinachothibitisha jambo hili, nacho huwashangaza wengi. Risasi ya 7.62x39, ambayo hutumiwa na bunduki ya AK-47, inajulikana sana katika maeneo ya wafugaji ya kaskazini mwa Kenya kwa sababu ya wizi wa mifugo. Hakuna anayeisifu kwa usahihi wa hali ya juu.

Lakini Warusi walilichukua ganda la risasi hiyo, wakalibana shingo ili libebe kichwa chembamba zaidi, wakapata risasi iitwayo .220 Russian. Mnamo 1975, Wamarekani wawili, Louis Palmisano na Ferris Pindell, walilichukua ganda hilo wakalirekebisha tena na kulitia kichwa cha milimita 6. Matokeo yake ni risasi ya 6mm PPC.

Katika mashindano ambamo bunduki huegemezwa juu ya meza na risasi 5 kufyatuliwa mfululizo, 6mm PPC iliing'oa .222 Remington, iliyokuwa imetawala tangu ilipotolewa mwaka wa 1950. Walengaji mahiri wanaoitumia huweza kuzirundika risasi 5 katika tundu moja dogo umbali wa takriban mita 91, kiasi kwamba vituo vya matundu hayo huachana kwa milimita chache tu.

Risasi zote mbili, .222 na 6mm PPC, ni ndogo na tulivu. Ganda fupi na nene la 6mm PPC huaminiwa kuifanya baruti iungue kwa namna inayolingana kila mara. Bega halipigwi sana, mtutu hautikisiki sana, na mlengaji hachoki mapema.

Risasi zipi zinafaa?

Kwa anayeanza, jibu ni rahisi: .22 LR. Kichwa chake huwa na uzito wa takriban gramu 2.6, na zile za mashindano huruka kwa kasi ya takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Kasi hiyo imechaguliwa kwa makusudi iwe chini kidogo ya kasi ya sauti, kwa sababu kichwa kinachovuka mpaka huo kikiwa njiani hutikisika na kupoteza mwelekeo.

Hapa pana jambo linalopingana na mazoea. Risasi ya .22 yenye kasi kubwa, kwa umbali wa mita 100, husukumwa na upepo zaidi kuliko ile ya pole pole. Sababu ni kwamba hupoteza kasi haraka inaporudi kuvuka mpaka wa sauti. Anayenunua risasi iliyoandikwa kuwa ina kasi ya ajabu, akidhani ananunua usahihi, huwa amejidanganya mwenyewe.

Katika michezo ya Olimpiki, .22 LR ndiyo hutumiwa katika mashindano ya bunduki ya mita 50, na duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne mwaka wa 1956, walengaji wa shabaha walikuwemo katika kikosi chake. Mchezo huu basi si mgeni nchini.

Upungufu wa .22 LR ni umbali. Bunduki iliyorekebishwa igonge katikati kwa mita 50 itapiga chini kwa takriban sentimita 15 hadi 20 shabaha ikisogezwa hadi mita 100. Zaidi ya hapo, upepo wa mlimani huanza kuichezea.

Anayetaka kufika mita 200 au 300 bila kuumia bega anaweza kuzingatia .222 Remington au .223 Remington. Ya pili hupatikana kwa urahisi zaidi duniani. Jambo la kuchunguza ni mpindo wa mifereji ndani ya mtutu. Mtutu unaokizungusha kichwa mara 1 kwa kila milimita 305 unafaa vichwa vyepesi vya takriban gramu 3.6. Vichwa virefu vya gramu 4.5 hadi 5, ambavyo hustahimili upepo vyema, huhitaji mzunguko 1 kwa kila milimita 203 hivi. Bunduki na kichwa visipolingana, hata risasi ya bei ghali itatawanyika kama mtama uliomwagika.

Hatua inayofuata ni zile za milimita 6 na 6.5. Risasi ya .243 Winchester, iliyotolewa mwaka wa 1955, ina usahihi mzuri lakini huula mtutu mapema kwa sababu hubana baruti nyingi nyuma ya kichwa chembamba. 6.5x55, iliyobuniwa kwa majeshi ya Uswidi na Norway katika miaka ya 1890, imependwa na walengaji kwa zaidi ya karne moja kwa kuwa kichwa chake kirefu hukata upepo vyema ilhali bega halipigwi kupita kiasi. Ndugu yake wa kisasa, 6.5 Creedmoor, ilitolewa mwaka wa 2007 kwa lengo lile lile.

Juu ya hapo ipo .308 Winchester. Ni risasi sahihi, na mtutu wake hudumu kwa maelfu ya risasi. Hata hivyo, kwa mtu anayefyatua mara 40 au 50 kwa asubuhi moja, pigo lake huanza kuhesabika. Wazee wa Bonde la Ufa waliowahi kushika .303 za askari wa akiba wanalifahamu pigo la aina hiyo bila kusimuliwa.

Milima, mvua na mteremko

Mlengaji wa Kericho hayuko katika hali sawa na wa Mombasa. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na pwani. Kichwa cha risasi hukutana na ukinzani mdogo, hivyo hupoteza kasi polepole na hushuka kidogo kuliko kawaida.

Kwa mita 50 au 100 tofauti hiyo haionekani. Kwa mita 300 na zaidi, bunduki iliyorekebishwa pwani inaweza kupiga juu ya mahali palipolengwa. Inafaa basi bunduki irekebishwe upya mahali itakapotumiwa.

Mteremko nao una hila zake. Nguvu ya uvutano huivuta risasi kulingana na umbali wa mlalo, wala si umbali wa kufuata mteremko. Shabaha ikiwa mita 200 kwenye mteremko wa nyuzi 30, umbali wa mlalo ni takriban mita 173 tu. Mlengaji anayerekebisha bunduki yake kwa mita 200 atapiga juu, awe analenga juu ya kilima au chini bondeni.

Vilevile, Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima na ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa kunyeshewa mvua ya mawe mara nyingi. Unyevu huwa adui wa bunduki na risasi. Maganda huota kutu ya kijani, na fataki zilizolowa zinaweza kukataa kuwaka au kuchelewa kuwaka. Risasi zihifadhiwe mahali pakavu palipofungwa kwa kufuli, mbali na joto na mbali na bunduki yenyewe.

Fataki ikikataa kuwaka, mlengaji hapaswi kuifungua bunduki papo hapo. Auelekeze mtutu kwenye shabaha na kungoja kwa angalau sekunde 30, kwani baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa.

La muhimu zaidi ni kinga iliyo nyuma ya shabaha. Hata .22 LR, inayoitwa risasi ya watoto, huweza kuruka zaidi ya kilomita 1. Ile ya .308 huweza kupita kilomita 3. Katika nchi ya chai, umbali huo waweza kuvuka mashamba kadhaa, barabara, shule na soko.

Majani ya chai hayazuii risasi. Uzio wa miti haizuii risasi. Maji ya bwawa na mawe huifanya iruke upande na kwenda isikotarajiwa. Kinachoizuia ni ukuta mrefu na mnene wa udongo usio na mawe, katika uwanja ulioidhinishwa. Kulenga shabaha shambani kwa sababu tu ‘haonekani mtu' ni kucheza na maisha ya mchumaji chai aliyeinama nyuma ya kilima.

Kujaza risasi kwa mkono

Katika nchi kama Marekani, walengaji wengi hujitengenezea risasi. Huokota ganda lililotumika, hulirudisha katika umbo lake, hulitia fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na kichwa kipya.

Faida zake ni mbili. Kwanza ni usawa, kwa kuwa kila risasi huweza kupimwa hadi ilingane na mwenzake na kulingana na bunduki yenyewe. Pili ni utulivu, kwa sababu mlengaji anaweza kutumia baruti ya kiwango cha chini kilichoidhinishwa katika kitabu cha watengenezaji badala ya kiwango cha juu. Walengaji wazoefu hushuhudia kwamba mara nyingi matundu hukusanyika vizuri zaidi kabla ya kufikia kiwango cha juu.

Hata hivyo, kazi hiyo haina msamaha. Ganda likitiwa baruti mara mbili, au baruti ya aina isiyofaa, bunduki huweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Baruti ikiwa haba kupita kiasi, kichwa huweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutaja kiwango cha chini na cha juu, na kukisia ni marufuku. Ikumbukwe pia kwamba .22 LR haijazwi tena, kwa kuwa fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda na ukingo huo huharibika unapogongwa.

Kwa Mkenya, suala la kwanza si mizani wala vitabu, bali ni sheria. Bunduki na risasi husimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na vilipuzi husimamiwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Mwenye bunduki anahitaji cheti, na mamlaka husika ni Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki. Mtu asithubutu kununua baruti, fataki au mashine ya kujazia kabla ya kupata idhini ya maandishi kutoka kwa mamlaka. Anayejaza risasi kisirisiri nyumbani hawezi kujitetea kwamba alikuwa akifanya mchezo.

Umuhimu wa kufuata sheria ulidhihirika Desemba 2018, serikali ilipoagiza raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya. Waliokuwa na stakabadhi kamili walikuwa na la kuonyesha.

Kwa aliye na cheti lakini hana ruhusa ya kujaza, njia bado ipo. Anaweza kununua risasi za viwandani za aina 3 au 4 kwa idadi ndogo, azijaribu zote uwanjani siku moja isiyo na upepo, kisha achague ile inayokusanya matundu pamoja katika bunduki yake. Bunduki mbili za kiwanda kimoja huweza kupenda risasi tofauti. Akishaipata, ashikamane nayo.

Mizani ya mwisho

Kabla ya kuamua, mlengaji anashauriwa kujiuliza maswali 5. Uwanja ulioidhinishwa ulio karibu naye una urefu gani? Risasi hiyo hupatikana nchini bila shida? Ataweza kumudu bei ya kufyatua mara kwa mara? Bega lake litatulia hadi risasi ya mwisho? Na je, cheti chake kinamruhusu?

Akiwa na uwanja wa mita 50 au 100, .22 LR itamtosheleza kwa miaka mingi. Akiwa na mita 200 au 300, .223 itamfaa. Akipata uwanja mrefu zaidi na akishajifunza kuusoma upepo, hapo ndipo zile za milimita 6.5 zitakapompa faida. Anayeruka hatua hizo na kuanza na bunduki kali hununua mshindo mkubwa na alama chache.

Hatimaye, usahihi si jambo la kujigamba nalo tu. Kila risasi iliyogonga katikati ya shabaha ni risasi iliyoishia kwenye udongo ilipokusudiwa kuishia. Katika milima ambayo kila bonde lina nyumba na kila mteremko una mchumaji chai, hiyo ndiyo alama iliyo kubwa kuliko zote. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na kwa aliyeshika bunduki, nguvu nyingi pia hazina.